Birika la ubatizo liko chini ya mwembe, kuku wanakunywa humo

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye gazeti lako hata kama barua itakuwa ndefu, maana hili jambo linaninyima usingizi tangu baada ya Pasaka na nimeshaongea na kila mtu wa kuongea naye huku kwetu, sasa nimebaki na gazeti.

Mi ni mwashi. Nimestaafu lakini mkono bado upo. Nimejenga Tanga mjini, Pangani, Muheza mpaka Korogwe, na zile nyumba za zamani za mawe na chokaa nimezikarabati nyingi tu kabla watu hawajaanza kuzibomoa na kupandisha bloku. Kanisa letu liko kijijini upande wa milimani huku Muheza, kanisa la tangu enzi za UMCA, ile misheni ya Waanglikana kutoka Uingereza, wazee wenzangu wanalijua hilo jina, kuta za mawe nene hata jua la Januari likiwaka vipi ndani ni baridi. Ukiingia mlangoni, mkono wa kushoto, lilikuwa limekaa birika la ubatizo la jiwe. Nasema lilikuwa. Wakati wa kupiga taizi kamati ya ujenzi ikaona linaziba njia, vijana sita wakaliviringisha juu ya magogo mpaka nje, na sa hivi liko chini ya mwembe nyuma ya jiko la akina mama, mvua ikinyesha linajaa na kuku wanakunywa humo. Ndani wameweka bakuli la kioo juu ya stendi ya chuma, limenunuliwa Dar, linang'aa kweli.

Sina ugomvi na taizi wala na kioo. Sina ugomvi na kamati pia, ni watu wangu, wengine nimewabeba mgongoni. Ninachosema ni kwamba lile jiwe lirudi mahali pake, na nitaeleza kwanini.

Vijana wakisikia birika wanafikiria la chai. Sisi wa pwani birika ni lile la maji, msikitini la kutawadha, kanisani la kubatizia, na wazee wetu wakristo wa kwanza walipotafuta jina la chombo cha ubatizo hawakuhangaika, walichukua neno la jirani zao kwasababu kazi inafanana, mtu anafika mlangoni anakutana na maji kwanza ndo anaingia. Ndo maana lilikaa mlangoni. Halikuwekwa pale kwa kukosa nafasi, mlangoni ndo mahali pake, mtoto anaingia kanisani kwa kupitia pale.

Sasa jiwe lenyewe. Watu wanapita wanaona jiwe jeusi lenye kuvu, mi naona kitu kingine. Ni tumbawe. Na sio lile gumu la kuchimba nchi kavu tunalojengea kuta, lile lina matundu na ukilipiga tindo linavunjika linavyotaka lenyewe, huwezi kuliwekea nakshi ya maana. Hili ni tumbawe laini la baharini, linakatwa maji yakitoka, linachongwa likiwa bado bichi, wakati huo tindo inaingia kama kwenye sabuni, alafu likikauka linakaza, ukikosea hapo umekosea moja kwa moja. Yani kuna mtu alilikata jiwe hili baharini, likabebwa mpaka huku mlimani kwenye miti ya michungwa, na hapo hapakuwa na gari. Kwenye mdomo limezungushiwa nakshi ya kusukana, tumboni lina msalaba na samaki watatu, na samaki hao wana magamba na mapezi yamesimama kama changu aliyetoka majini sasa hivi. Aliyechonga alikuwa anamjua changu. Mzungu aliyetoka meli ya jana hachongi hivo, huyo ni mtu wa pwani, na babu yangu alinishika kidole akakipitisha kwenye lile gamba nikiwa na miaka sita au saba akaniambia mkono huu ni wa fundi mmoja wa Pangani. Jina hakuniambia, nadhani hata yeye hakuambiwa.

Chini lina tundu. Maji yakishatumika yanashuka kwa lile tundu yanaingia ardhini chini ya sakafu ya kanisa, hayamwagwi kwenye mtaro, maana yamebarikiwa. Kamati walipoweka taizi waliliziba. Sa hivi maji ya ubatizo wanayamwaga wapi sijauliza.

Nije kwenye safari yangu maana ndo iliyonifungua macho vizuri. Binti yangu ni nesi Uingereza, mkoa unaitwa Herefordshire, unapakana na Wales. Mwaka jana alinitumia tiketi nikakaa nae wiki tano. Siku moja akaniambia Baba, wewe si mtu wa mawe, twende nikakuonyeshe mawe. Tukaenda kijiji kinaitwa Castle Frome, ni nyumba chache na mashamba na kanisa dogo kuliko letu liko kwenye mteremko. Nikasema hapa kuna nini. Tukaingia, na humo ndani kuna birika la ubatizo lililochongwa kama mwaka 1170 hivi, na mhariri nakwambia ukweli nilikaa kwenye benchi nikashindwa kuongea.

Ni bakuli kubwa la jiwe, wamelibeba watu waliojikunja chini yake, wamechongwa wameinama na mzigo kama wapagazi. Mdomoni pamezungushwa nakshi ya kusukana, ukili mtupu, bibi yangu alikuwa anasuka ukili wa mkeka wa namna ileile, juu chini juu chini hauoni ulipoanzia. Tumboni kuna Bwana Yesu amesimama mtoni Yordani na maji yamechongwa kama duara ndani ya duara, kama unavyotupa jiwe kidimbwini mawimbi yanavyotoka, na ndani ya hayo maji kuna samaki. Samaki! Nikacheka na machozi yakanitoka hapohapo. Kuna Yohana Mbatizaji, kuna mkono wa Mungu unatoka juu, kuna njiwa, na pembeni kuna alama za wale wainjilisti wanne, malaika, simba, ng'ombe na tai. Samaki wao ni wa kawaida tu, samaki ni samaki, nadhani fundi alikuwa mtu wa bara maana ule mkoa hauna bahari. Wetu ni wazuri zaidi. Nasema hivo kama fundi sio kwa kujipendelea, wetu wana magamba.

Wiki iliyofuata akanipeleka Eardisley, kama kilomita 20 na kitu kutoka Hereford mjini, huko kuna jingine la karibu mwaka 1150, lina umbo la kikombe cha divai, kuna wanaume wawili wanapigana mmoja amemchoma mwenzie mkuki wa paja, kuna simba mkubwa, na kuna Kristo amemshika mtu kifundo cha mkono anamvuta atoke kwenye fujo ya kamba kamba zilizomfunga, ndo ile habari ya Kristo kushuka kuzimu kuwatoa waliokufa. Nikamuangalia yule anayevutwa mguu wake jinsi fundi alivyoujua uzito wa mtu. Mawe ya kule wanaita ya mchanga, yanachongeka vizuri.

Wataalamu wa kule wanawaita hao mafundi shule ya Herefordshire lakini haikuwa shule ya madawati, ni kundi la wachongaji waliokuwa wakizunguka kanisa hadi kanisa kwenye miaka ya 1130 na kuendelea, wamefanya Shobdon, Kilpeck, Eardisley, Castle Frome. Inasemekana bwana aliyejengesha lile la Shobdon, anaitwa Oliver de Merlimond, alikwenda hija mpaka Santiago de Compostela kule Hispania, na njiani Ufaransa kuna makanisa yenye nakshi za namna hiyo, ndo maana wanaona fundi alijifunzia huko au alielekezwa na bwana wake akirudi. Kazi inasafiri na watu. Majina ya mafundi wenyewe hakuna anayeyajua. Kama wetu wa Pangani.

Vitu vingine nilivyojifunza navitaja upesi. Mabirika mengi ya kule kwa ndani yametandikwa risasi, madini ya risasi, kwasababu jiwe linakunywa maji, na zamani maji yakishabarikiwa yalikuwa yanaachwa humo muda mrefu. Mwaka 1236 askofu mkuu wao wa Canterbury, Edmund, akaagiza yafunikwe na kufungwa kufuli maana watu walikuwa wanakuja kuyaiba wakafanyie uchawi, na hilo msomaji wa Tanga halihitaji maelezo. Kwenye midomo ya mabirika mengi ya Uingereza mpaka leo utakuta panapomeguka pale zilipong'olewa zile pete za kufuli.

Lakini kubwa ni hili. Miaka ya 1640 walipopigana wenyewe kwa wenyewe, wale walioitwa Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, waliposhika nchi walisema birika la mlangoni ni ushirikina wa Papa, mtoto abatizwe kwenye beseni la kawaida mbele ya watu. Mabirika yakatolewa nje. Mengine yakavunjwa, mengine yakaenda mashambani wakanyweshea ng'ombe, mengine wakapandia maua. Mfalme aliporudi 1660 ikabidi waanze kuyatafuta mmoja mmoja, na wengine hawakuyapata wakachonga mapya, na yapo yaliyokuja kuokotwa kwenye mazizi miaka 200 baadae. Sasa mimi nimetoka kuyasoma hayo kwenye karatasi ya wageni pale kanisani, narudi nyumbani Muheza, haujaisha hata mwaka, naona birika letu chini ya mwembe. Beseni limewekwa ndani, jiwe limetolewa nje. Ni kitu kilekile, na sie hatuna hata vita.

Nilipoenda kwenye kamati niliambiwa mambo matatu.

La kwanza, ati hayo ni mambo ya wakoloni, vitu vya wazungu tuachane navyo. Hili ndo liliniuma kuliko yote. Birika la kioo la kiwandani lililokuja kwa meli ndo letu, na jiwe la bahari yetu lililochongwa na mtu wa Pangani ndo la mzungu? Jamani. Mzungu alileta ubatizo sawa, alileta na ramani ya kanisa, lakini nani alipiga tindo. Kuchonga tumbawe hakukuja na misheni. Pale Kizimkazi Unguja kuna mihrabu ya msikiti, pale anaposimama imamu kuswalisha, yenye maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye tumbawe, mwaka wake ni 500 wa Hijra, yani 1107. Kabla ya Castle Frome kwa miaka 60 na zaidi! Yule fundi wa Herefordshire babu yake alikuwa bado kijana wakati mafundi wa pwani yetu wameshamaliza ile kazi. Na hapa Tanga tusiende mbali, nendeni Tongoni njia ya Pangani, kuna makaburi kama 40 na msikiti wa kale, baadhi ya nguzo za makaburi bado zimesimama, zilikuwa na mabakuli ya kauri yamepachikwa, sasa ni mashimo matupu watu wameshayang'oa. Nendeni Kaole pale Bagamoyo muone misikiti na kisima. Hiyo ndo shule aliyosoma fundi wetu. Ukoo wake wa kazi ulikuwa na miaka 700 na zaidi siku anaanza kuchonga wale changu. Hata lile kanisa kuu la Unguja alilolianzisha Askofu Steere mwaka 1873 kwenye soko la watumwa limejengwa kwa matumbawe, na paa lake ni saruji iliyochanganywa na vipande vya matumbawe, Steere alikuwa na akili ya kutumia kilichopo na watu waliopo.

La pili, ati lina ufa. Ni kweli lina ufa, nimeupima, unaanzia mdomoni unashuka kama shubiri moja na nusu, haujafika chini. Ni ufa wa zamani na aliyeuleta sio jiwe, ni sisi. Kuna wakati mtu alikwenda akaupiga plasta ya saruji kwa nia nzuri, na saruji ni ngumu kuliko tumbawe, haipumui, unyevu ukishaingia nyuma yake hauna pa kutokea, basi jiwe linaoza lenyewe kwa ndani na plasta inabanduka na nyama ya jiwe. Nimeona nyumba nyingi za pwani zimekufa hivo. Jiwe la chokaa linatibiwa kwa chokaa. Na sa hivi kila siku linayokaa pale nje ni mbaya zaidi, mvua inalila, tumbawe ni chokaa na mvua inakula chokaa taratibu, yale magamba ya samaki mmoja upande wa mwembe yameshaanza kulainika. Nimepitisha kidole palepale alipokipitisha babu.

La tatu walisema siku hizi mtoto hazamishwi, anamiminiwa tu, kwahiyo chombo kikubwa cha nini. Hili sina jibu refu. Mi nilizamishwa kwenye lile, na watoto wangu wote watano wamebatizwa hapo, na mama yao pia.

Nikaona basi niende serikalini. Kijana mmoja anayeelewa sheria akanisomea Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Birika letu ni la misheni kwahiyo ni la baadae, limekosa kwa miaka michache tu. Alafu akanisomea kipengele kingine nikashangaa, milango ya mbao ya nakshi inalindwa mpaka iliyochongwa kabla ya 1940. Yani waliotunga sheria waliufikiria mlango, na wamefanya vizuri sana, mlango wa nakshi ni fahari yetu, lakini jiwe lililokaa nyuma ya mlango huohuo hawakulifikiria. Waziri ana uwezo wa kutangaza kitu kiwe chini ya ulinzi hata kama ni cha baadae. Nawaomba wabunge wetu wa Tanga na Bagamoyo mliangalie hilo, maana sio kanisa letu tu. Makanisa ya zamani huku ni mengi, ya UMCA, ya Wakatoliki, ya Walutheri kule Usambara, na misikiti ya zamani ina mabirika yake, na kila mahali sasa kuna kamati ya ujenzi na kuna taizi.

Kule Uingereza kwenye kanisa la Anglikana, kanisa lile lile mama yetu, huwezi kuhamisha hata kiti bila utaratibu, na kitu kama birika ni lazima uombe kibali kwa maandishi, kinakwenda kwa jaji wa dayosisi anaitwa chansela, tangazo linabandikwa mlangoni watu wote walione, mwenye pingamizi aseme. Padri mwenyewe hawezi kuamua peke yake. Sisi dayosisi zetu zina wanasheria wazuri tu na zina sinodi, yani mkutano mkuu wa dayosisi. Hili haligharimu chochote, ni azimio moja la sinodi kwamba kitu chochote cha jiwe au mbao au shaba kilichokuwepo kanisani kabla ya uhuru hakitoki nje ya mlango bila barua ya askofu. Karatasi moja. Ningekuwa na hiyo karatasi siku ile ya magogo ningesimama mlangoni nayo.

Kuna jambo nataka kulisema kwa vijana hasa waashi. Siku hizi fundi anajua grainda na taizi na jipsam, na ni kazi nzuri inaleta hela, siilaumu. Lakini hapa wilayani nikihesabu wanaoweza kuchonga tumbawe au hata kupiga lipu ya chokaa ya zamani sifikishi vidole vya mkono mmoja, na wote wana mvi. Lile birika ni kitabu chetu. Ukilichunguza unaona alivyoanza, amechora duara kwa kamba na msumari, alama ya msumari ipo katikati chini karibu na tundu. Unaona tindo tatu tofauti, pana, nyembamba na ya ncha. Kuna sehemu alikosea, samaki wa katikati mkia uligusa msalaba akaukunja juu kidogo ili upite, na hapo ndo pamekuwa pazuri kuliko pote. Hayo hayaandikwi popote. Likilika na mvua yameondoka.

Sasa mhariri nimalizie. Padri wetu mpya ni kijana msikivu, ameniambia Mzee, ukipata namna ya kulirudisha bila kuvunja taizi mi sina pingamizi, ila kamati ikubali. Mwenyekiti wa kamati ameniambia hana hela ya hiyo kazi. Sihitaji hela. Chokaa ya tanuru nimeshailoweka kwenye pipa tangu Juni imekuwa laini kama siagi. Tindo ninazo, zile za babu. Nikishaubandua ule udongo wa saruji kidogo kidogo na kuujaza ufa kwa chokaa na unga wa tumbawe linatakiwa likae kivulini na magunia mabichi wiki mbili. Taizi ninazohitaji kuzitoa ni nne tu ili lile tundu la chini lifunguke, nimepima, na nitazitoa nzima nizirudishe kamati wakazitumie kwingine. Ninachokosa ni vijana sita wa kulibeba, wale wale waliolitoa ningefurahi sana waje wenyewe, na turubai la kulifunika kuanzia leo maana vuli haiko mbali. Kuku nimeshawafukuza, nimezungushia fito.

Mwashi mstaafu,
Muheza, Tanga